Marufuku Kukaa

Bwana Msellemu, mwenye duka la sofa, aliwakataza wafanyakazi wake kukaa. "Nawalipa msimame." Zamda, muuzaji wake aliyevimba miguu, aliitikia tu, "Sawa, bosi."

Kesho yake mama mmoja mnene alibonyezabonyeza sofa ghali kuliko zote. "Mtu akiikalia kutwa, haimuumizi mgongo?"

"Sijui, mama. Bosi hataki tukae."

Mama akasonya, akatoka. Mchana akaja mwingine, akauliza hivyo hivyo, akasonya vile vile.

Bosi akapandwa na hasira. "Unanifukuzia wateja. Ikalie kutwa, ujue cha kuwajibu."

"Leo tu, bosi?"

"Kila siku. Na sofa zote."

Jioni wale akina mama wawili walirudi pamoja. Bosi akawakimbilia, anachekelea.

"Hatununui," alisema yule mnene. "Tumemfuata mdogo wetu. Zamda, miguu inaendeleaje?"