Fungu la Mjinga

Mwaka ule mvua iligoma. Mto ukabaki mchanga, na mchanga ukageuka vumbi. Maji yaliyosalia yalikuwa ziwani, ng'ambo ya korongo, na ndani ya korongo aliishi Chui.

Simba, aliyependa kuitwa Mtukufu hata na watoto wake mwenyewe, akatoa amri. Mwezi ukiandama, wanyama wote watahamia ziwani. Kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, awe anajua kusoma nyayo kwenye mlango wa korongo: Chui kaingia au katoka? Asiyejua atabaki. Amri ilikuwa kali, lakini haikuwa ya ovyo. Msafara uliotangulia ulimpoteza mtoto wa swala aliyedhani Chui ametoka, kumbe ndiyo kwanza ameingia.

Shule ikafunguliwa kwenye uwanja karibu na korongo. Mwalimu alikuwa Fisi. Aliiomba kazi hiyo mwenyewe, baada ya kusikia kwamba wanafunzi watakuja na viazi vya mwituni.

Kulikuwa na desturi ya zamani. Mwanafunzi aliyekosa somo alimwachia mwalimu chakula chake, kufidia sauti iliyopotea bure. Chakula hicho kiliitwa fungu la mjinga. Waliotunga desturi hiyo walitaka kuwatia watoto bidii. Hawakumfikiria Fisi.

Mjinga wa kwanza alikuwa Tindo, mtoto wa Mama Ngiri.

"Tindo! Simama wima. Unyayo huu unaenda au unarudi?"

Tindo akautazama. Unyayo ukaanza kumchezea. Kisigino kikawa vidole, vidole vikawa kisigino.

"Unaenda, mwalimu. Hapana, unarudi. Aa, umegeuka tena."

Darasa likacheka.

"Unyayo haugeuki," Fisi akasema. "Kinachogeuka ni kichwa chako. Weka viazi hapa."

Wa pili alikuwa mtoto wa Kanga. Huyu nyumbani alijibu yote, lakini shuleni, Fisi akipaza sauti, alificha kichwa chini ya bawa. Fisi akagundua kwamba kupaza sauti kunalipa. Akawa anaipaza kila siku kabla ya chakula cha mchana.

Mama Ngiri akaja kumwona.

"Mwalimu, mwanangu anajitahidi. Analala akitaja nyayo. Hakuna namna nyingine ya kumfundisha?"

"Mama, wengine wameumbwa, wengine wamemwagwa tu. Huyu hafundishiki."

"Kama hafundishiki, basi abaki nyumbani anisaidie."

"La, la, la!" Fisi akasimama. "Mlete kila siku. Na viazi asisahau."

Mama Ngiri alijua maana yake. Mtoto asipofaulu atabaki kwenye ukame, naye hatamwacha. Wangebaki wawili. Akaenda kwa jirani yake Sungura, aliyekuwa amelala kivulini, mguu juu ya mguu.

"Kaka, wewe una akili. Nisaidie."

"Dada, mambo ya shule siyawezi. Mwalimu ni mwalimu."

Kesho yake binti wa Sungura akarudi nyumbani na njaa.

"Baba, kumbe mimi ni mjinga."

"Nani kasema?"

"Mwalimu. Nilijibu vizuri, ila leo nilikuwa na viazi vikubwa."

Sungura akakaa kitako. Alikuwa ameitwa mwizi, mwongo na mvivu, na hakuna lililomnyima usingizi. Lakini mjinga, katika nyumba yake? Akainuka akaenda kwa Mama Ngiri.

Alimkuta Tindo uani akichimba mizizi, amepiga magoti ya mbele na pua imezama mavumbini, kama ngiri wote wanavyokula. Pua ikafika kwenye nyayo zilizopita karibu na mlango.

"Mjomba Sungura," Tindo akasema bila kuinua kichwa, "asubuhi ulipita hapa ukielekea kichakani."

"Umejuaje? Umefumba macho!"

"Nimegusa. Vidole viko upande huu. Nikiutazama unageuka, nikiugusa unatulia."

"Mbona humwambii mwalimu?"

"Mwalimu hataki tupige magoti. Anasema mwanafunzi mwenye adabu husimama."

Sungura akamjaribu kwa nyayo za digidigi, za mbweha, za kuku pori. Tindo alikuwa mzito. Kwa unyayo mmoja alichukua muda wa kutafuna kiazi kizima. Lakini hakukosa hata mmoja.

Sungura akaenda moja kwa moja kwa Simba.

"Shikamoo Mtukufu. Huko nje wanasema milki yako ina wajinga wengi kuliko miti."

Simba akaacha kulamba manyoya. "Nani anasema?"

"Mwalimu wako. Njoo kesho uwaone."

Kutoka hapo akapita kwa Fisi.

"Mwalimu, umezipata habari? Mtukufu anakuja kesho kukagua. Na desturi kaibadili. Fungu la mjinga sasa ni lake. Wewe utakula fungu la aliyefaulu."

Fisi akameza mate. "La kila aliyefaulu?"

"La kila mmoja."

Asubuhi Simba akafika, akaketi kwenye mlango wa korongo, mahali palipokuwa na nyayo mpya. Wazazi wakasimama pembeni.

"Mtukufu," Fisi akatangaza, "wanafunzi wangu wote wamefaulu!" Alisema hayo huku akivuta viazi kwa mguu wa nyuma na kuvirundika chini ya tumbo lake.

"Wote? Nimesikia jana walikuwa wajinga."

"Jana walikuwa. Leo wameerevuka."

"Kwa usiku mmoja?"

"Ni ufundishaji, Mtukufu."

"Na huyu?" Simba akamwonyesha Tindo.

"Huyu ndiye wa kwanza!"

"Mwalimu," Tindo akasema, "jana si ulisema kichwa changu..."

"Nyamaza, wa kwanza wangu."

"Vizuri," Simba akasema. "Wa kwanza na asome ule pale."

Tindo akasimama wima mbele ya unyayo wa Chui. Ukageuka. Ukageuka tena. Machozi yakamlengalenga.

"Sema katoka!" Fisi akamnong'oneza, jicho likiwa kwenye viazi. "Sema upesi tule!"

Tindo akavuta pumzi. "Mtukufu, naomba kupiga magoti."

Simba akatengeneza manyoya ya shingo. "Hatimaye," akasema, "mtoto mwenye adabu."

Tindo akapiga magoti, akaweka pua kwenye vumbi. Akagusa kisigino. Akagusa kidole kimoja, akarudi, akagusa cha pili. Mkia wa Simba ukaanza kupiga ardhi.

"Mpe muda, Mtukufu," Sungura akasema.

"Kaingia," Tindo akasema mwishowe. "Hajatoka."

"Katoka!" Fisi akapiga kelele. "Katoka zamani!"

Ndani ya korongo Chui akakohoa.

Binti wa Sungura, aliyeusoma unyayo huo kwa jicho tangu alipofika, akaitikia kwa kichwa. Na yeye alikuwa ameona hivyo hivyo.

"Mwalimu," Simba akasema taratibu, "nataka kuelewa. Huyu mtoto ni mjinga au ni wa kwanza?"

Fisi akamtazama Tindo, akavitazama viazi vyake.

"Inategemea, Mtukufu. Fungu lake tunampa nani?"

Aliyeanza kucheka alikuwa mtoto wa Kanga, tena kwa sauti. Kisha uwanja mzima.

"Tunampa nani?" Simba hakucheka. "Nani kakwambia fungu linagawanywa upya?"

Fisi akamgeukia Sungura. Sungura alikuwa anasafisha sikio.

"Desturi sikuibadili," Simba akasema. "Leo itatumika mara ya mwisho. Aliyekosa somo aache chakula chake."

Macho yote yakamwelekea Fisi. Viazi vikarudi kwa wenyewe. Mfupa wa paja, aliokuja nao kwa ajili ya kujipongeza, ukaenda kwa Simba, naye hakuukataa. Fisi akaambiwa akae mstari wa nyuma. Mama Kanga akapewa darasa, akafundisha kwa sauti ya chini, na aliyetaka kupiga magoti akapiga.

Mwezi ulipoandama, msafara ukafika korongoni. Tindo hakuwa amepona lolote. Akitazama, nyayo bado zilimgeukia. Zamu yake ilipofika akapiga magoti, na foleni yote ikasimama nyuma yake juani.

"Anachelewa mno huyu," Fisi akanung'unika kutoka mwisho.

"Anachelewa," Simba akajibu. "Na tutamngoja."

"Katoka," Tindo akasema, akainuka, akakung'uta vumbi. Mama yake akamfuata, wakavuka.

Tangu siku hiyo, mtoto akikosa jibu, wanyama wa upande ule huuliza kwanza amefundishwa vipi. Halafu huuliza nani anakula viazi vyake.