Mstari wa Mkaa Ukutani kwa Bi Lubaba

Wamesimulia waliotutangulia kwamba palikuwa na mji uliojengwa kandokando ya korongo. Kila mafuriko yalipopita, wenye nyumba walichora kwa mkaa mstari ukutani, pale maji yalipokomea. Liwali alipoazimia kuchimba mfereji wa kuyapitisha maji, kadhi wa mji, Sheikh Mundhir, alihukumu kwamba ibomolewe nyumba yenye mstari wa juu zaidi, kwa kuwa huko ndiko maji yaendako kwa nguvu.

Shauri likabaki kwenye nyumba mbili: ya Bi Lubaba, mjane mcha Mungu, na ya jirani yake Ghalib. Mstari wa Ghalib ulikuwa usawa wa paja. Wa Bi Lubaba, usawa wa goti.

Siku ya kula kiapo kwamba mistari ni ya kweli, Bi Lubaba alisimama mbele ya ukuta wake, akili imemvurugika. Kabla ya Idi aliusugua ukuta ule, akaupaka chokaa, kisha akauchora mstari upya kwa kukumbuka tu. Yalifika gotini? Au kiunoni? Aliinama akapima kwa shubiri, akainuka, akainama tena. Kila alipoyakumbuka maji, yalimjia kwa kimo kingine.

"Apa, mama, tumalize," kadhi alimwambia.

"Siwezi, Sheikh. Mstari huu ni wa mkono wangu, si wa maji. Sijui."

"Hujui!" Ghalib alifoka. "Maji yameingia hadi chumbani, yamekuogesha na nguo zako, nawe hujui?"

"Sijui, mwanangu. Na nyumba yako isivunjwe kwa jambo nisilolijua."

Kadhi akaugeukia umati. "Nani mwingine alipaka chokaa kwa Idi?"

Watu wakatazama chini. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Ghalib.

Basi kazi ikaahirishwa. Mvua zilipokuja watu walipanda mlimani, na waliporudi wakakuta tope limejiandikia lenyewe: kwa Ghalib usawa wa goti, kwa Bi Lubaba kiunoni. Bi Lubaba mwenyewe ndiye aliyekwenda kuwaita wachimbaji waje kuibomoa nyumba yake. Ghalib aliung'oa mlango wa nyumba ya mjane, akaubeba begani, akamfungulia mama huyo chumba nyumbani kwake.

Ndugu zangu, kusema "sijui" ni kuzito zaidi pale ambapo kujifanya tunajua kungetufaa. Mola atujaalie tuwe wepesi wa kulitamka.