Jina Moja Katika Bima ya Wachumaji

Sogeeni karibu. Hadithi hii haina sungura wala zimwi. Ina wachumaji chai watatu wa milima ya Rungwe, na bima ndogo ya matibabu waliyoianzisha na wenzao kwa kuchangishana.

Wa kwanza ni Ambakisye, mwenye kipawa cha ulimi. Akisimama kusema, hata mwenye njaa husahau chungu jikoni. Wa pili ni Bibi Tusajigwe, mwenye kipawa cha jicho. Alilitupia kapu macho mara moja tu, akajua jani lipi changa na lipi limekomaa. Wa tatu ni Sekela. Kipawa chake hakuna aliyekisifu: aliweza kungoja.

Alikuwa amengoja miaka sita. Binti yake, Subilaga, waliyemwita Subi, hakuwa amesema neno hata moja. Mvua ikipiga bati, mtoto alijigonga kichwa ukutani na kulia mpaka sauti ikakauka. Sekela alikwenda naye shambani, amemfunga kiunoni kwa khanga asije akakimbilia barabarani. Wenzake walipolalamikia kelele, aliomba mwenyewe mstari wa mwisho, ule unaopakana na msitu. Saa nne wote walipoketi kula pamoja, vicheko vyao vilimfikia bila maneno. Yeye alikula kiporo chake amesimama, khanga imekaza kiunoni.

Hospitali ya wilaya iliipa hali ile jina: usonji. "Kuna mtaalamu anayekuja kila Alhamisi," muuguzi alisema. "Lakini bima yenu hailipii hilo."

Ambakisye alitoa ulimi wake. Katika mkutano wa Aprili alisimama peke yake.

"Malaria tunailipia kwa kuwa mbu anatuuma sote. Usonji tunauacha kwa kuwa umemwangukia mmoja. Sasa bima ni ya nini, jamani, kama si ya yule mmoja?"

"Na wewe utachangia maneno?" mtu alimrushia kutoka nyuma.

"Nitachangia kama wewe, na usiku nitalala."

Kanuni ikapita: tangu siku hiyo bima italipia tiba ya usonji, na kila mwanachama ataongeza mchango.

Bibi Tusajigwe alitoa jicho lake. Mtoto wa jicho alikuwa amekwisha kumfunika upande wa kulia, na mwaka ule ilikuwa zamu yake ya kupasuliwa. Mfuko haukuweza kubeba mambo mawili. "Mwandikeni Subi," alisema. "Mimi majani nitayajua kwa vidole." Hakuyajua. Kapu lake likawa linakataliwa kwenye mizani, majani magumu yametapakaa ndani, na yeye akayachambua upya huku wengine wakishika njia ya nyumbani.

Sekela alitoa siku zake. Kila Alhamisi aliacha kuchuma, akambeba mtoto hadi hospitali. Mtaalamu aliwafundisha kadi za picha: kikombe, kitanda, sikio. Siku nyingine zote Sekela aliinua kadi ileile mara mia, na mara mia mtoto akatazama pembeni.

Ila sasa hakuinua peke yake. Wale wawili walihamia mistari ya jirani, na saa nne wakawa wanakula naye.

"Mama Subi, ugali wako leo ni tofali," Ambakisye alilalamika.

"Mwache," alisema Bibi. "Amezoea kutafuna maneno, hayana uzito."

Sekela akacheka, akajishangaa. Alikuwa amesahau kicheko chake kilivyo.

Mwezi wa Novemba wingu lilijikusanya juu ya mlima. Kabla ya tone la kwanza, Subi alichukua kadi ya sikio, akaiweka katika kiganja cha mama yake. Akasema, "Mvua." Sekela alimfunga kitambaa masikioni. Bati likanguruma, na mtoto hakulia. Bibi ndiye aliyelia.

Lakini kulikuwa na kosa, nalo lilikuwa la wote. Mchango mpya waliupanga Aprili, chai imejaa mashambani, kila mtu akiona mikono yake haitapungukiwa. Hawakuikumbuka Agosti, wakati wa baridi, jani halichipui na kapu halijai. Mchango haukupungua. Wanachama kumi na wanane wakashindwa na kutoka, na mfuko ukanywea. Miongoni mwa waliotoka ni Ambakisye mwenyewe. Mvua za Novemba zikamkuta nje ya bima; akateleza kwenye mteremko, akavunjika mguu.

Desemba mwenyekiti, Mama Gwantwa, aliita mkutano.

"Kilichobaki kinatosha jambo moja," alisema. "Ambakisye ametoka kwenye bima, lakini wengi wenu hamtaki aachwe: mguu wake unaunga vibaya, na asipopasuliwa atachechemea maisha yake yote. Jicho la pili la Bibi nalo linafunikwa, na daktari amesema lisingoje. Subi akiacha Alhamisi zake, nafasi atapewa mtoto mwingine, na mtaalamu anahofia atarudi nyuma. Tumepiga kura mara tatu, hatukuelewana. Wote watatu ni watu wa Sekela; yeye aamue."

"Makubwa! Mchumaji wa mstari wa mwisho leo ndiye hakimu!" mtu alisema kutoka nyuma.

Sekela alimtazama Ambakisye, mguu wake umenyooshwa juu ya kiti.

"Usiniangalie hivyo, Mama Subi. Kanuni niliipigania mwenyewe." Alijaribu kutabasamu. "Ila nina watoto wanne, na chai haichumwi kwa mguu mmoja."

Akamgeukia Bibi, ambaye uso wake ulielekea dirishani, si kwake.

"Uko wapi, mwanangu? Sema tu. Sitakulaumu." Halafu, kwa sauti ndogo, "Ninaogopa giza, lakini sitakulaumu."

Subi alikuwa amekaa sakafuni, akizipanga kadi zake. Katibu alifungua daftari, akashika kalamu. Sekela alisimama katikati ya watu wote wale, na hakuwahi kuwa peke yake namna ile, hata kule ukingoni mwa msitu.

Bila ulimi wa mmoja, kanuni isingekuwepo. Bila jicho la mwingine, mfuko usingetosha. Bila siku za mama, kadi ile isingeinuliwa. Neno moja la mtoto, watu watatu wamelilipia.

Basi ninyi mnaonisikiliza, kalamu inangoja. Mngetaja jina la nani? Na kesho yake, saa nne ikifika, mngekwenda kula na nani?