Kindi na Mlango wa Kiwanda cha Kifaru

Hapo zamani za kale, enzi zile wanyama walipoanza kuacha mashamba yao wakaenda kuajiriwa, Kifaru alijenga kiwanda cha mablanketi kando ya mto. Lilikuwa jengo kubwa, lenye bomba refu la moshi, vidirisha vidogo huko juu karibu na paa, na mlango mmoja tu. Mlango wenyewe wa chuma.

Mashine zilinguruma kutwa: taka-taka-taka, vuuu! Taka-taka-taka, vuuu! Wanyama waliingia jua halijachomoza, wakatoka giza limekwisha kuingia. Wakubwa walisimama kwenye mashine. Watoto wao, kwa kuwa walikuwa wadogo, walitambaa chini ya mashine kuokota sufu iliyoanguka.

Msimamizi alikuwa Fisi. Kila asubuhi, wote wakishaingia, aliufunga mlango kwa nje, kacha! Kisha akautia ufunguo mfukoni.

"Bwana Fisi, kwa nini unatufungia kama kuku?" walimwuliza.

"Ili msizurure," alisema Fisi. "Na ili msifiche sufu ya bwana chini ya mikia."

Basi siku moja cheche iliruka kutoka kwenye mashine ikaangukia fungu la sufu. Fuu! Moto ukawaka. Wanyama wakakimbilia mlangoni. Gogogo! Gogogo!

"Fisi! Fungua! Tunaungua!"

Fisi hakuwepo. Alikuwa amekwenda kutafuta mifupa sokoni, na ufunguo alikuwa nao.

Waliuzima moto wenyewe, kwa maji ya kunywa na kwa uji wao wa mchana. Lakini moshi ulikuwa mwingi, na Bwana Ngiri, ambaye alikuwa mbele kabisa akiugonga mlango kwa kichwa, alivuta moshi mpaka akaanguka. Fisi alipokuja kufungua, Ngiri alikuwa ameshakufa.

Kifaru alituma blanketi moja la kumzikia marehemu. Kesho yake Fisi akafunga mlango kama kawaida. Kacha!

Mjane wa marehemu, Bi Ngiri, alirudi kazini matanga yalipokwisha. Alikuwa akilia huku anasuka, na machozi yakalowesha blanketi, basi Fisi akamfukuza kazi.

Sasa, katika kiwanda kile palikuwa na Kindi. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zinazokatika. Alikuwa akiruka juu ya mashine, huku pyu, kule pyu, na ni yeye peke yake aliyeweza kupenya kwenye nondo za vile vidirisha. Bi Ngiri alikuwa jirani yake. Walikuwa wakikopeshana chumvi na kuleleana watoto. Kifo kile kilimwuma Kindi kama cha ndugu yake.

"Tugome," aliwaambia wenzake.

Wakagoma. Walikaa chini kwenye nyasi, wakakataa kuingia.  Kifaru alivuka mto, akaleta wanyama wengine wenye njaa, mbavu zinahesabika, akawaingiza kwenye mashine. Wagomaji waliposikia watoto wao wanalia njaa, wakarudi mmoja mmoja, vichwa chini.

"Basi twende kwa mfalme," alisema Kobe, msukaji mkongwe kuliko wote.

Kobe, Kindi na Bi Ngiri wakapanda mlimani kwa Simba. Walimkuta amejilaza juu ya blanketi zito la rangi nyekundu.

"Shikamoo, mfalme."

"Marahaba. Semeni."

Wakasema yote. Simba akasikiliza, akapiga miayo.

"Kifaru ameniambia mlango unafungwa kwa usalama wenu, wezi wasiingie. Na blanketi hili alinipa yeye. Lina joto, bwana! Mtu anayesuka kitu kizuri hivi hawezi kuwa mbaya. Nendeni mkafanye kazi."

Njiani kurudi, Bi Ngiri alisema, "Mfalme ana moyo mgumu."

"Sidhani," alisema Kindi. "Mfalme hajapata kufungiwa mlango, basi. Tukimfungia kidogo ataelewa."

Kobe alisimama. "Kumfungia Simba? Kindi, wewe una wazimu?"

"Simfungii mimi. Nina mkono wa kufunga mlango ule? Atafungiwa na wenye mlango."

Siku ya pili Kindi alimwendea Kifaru nyumbani kwake. Mnajua Kifaru haoni vizuri.

"Hodi! Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Nani anasema? Mbona simwoni mtu?"

"Mimi Kindi, bwana. Nimekaa juu ya pembe yako."

"Ah! Shuka! Unataka nini?"

"Nimekuja na habari tu. Huko mjini wanasema Tembo anajenga kiwanda chake ng'ambo, tena atamwalika mfalme akifungue. Wanasema mfalme hajawahi kukanyaga kiwandani kwako, labda kina uchafu."

"Nani kasema? Uchafu!" Kifaru alipiga kwato. "Nitamwalika mimi kwanza! Kesho kutwa!"

"Wazo zuri sana, bwana. Ila wale wafanyakazi wako, wakiona manyoya ya mfalme, wataacha mashine watoke nje kushangaa. Itakuwa aibu."

"Hawatoki! Fisi atafunga mlango kama kila siku. Mlango ule hata mimi siwezi kuuvunja."

"Loo, hapo umenena, bwana," alisema Kindi, akashuka kwenye pembe, akaenda zake.

Jioni ile aliwaambia wenzake kitakachotokea, mpaka watoto wakaambiwa. "Mtaona moshi. Msiogope, ni wa nyasi mbichi. Endeleeni na kazi, mkohoe tu kidogo."

Siku ikafika. Simba alikuja na mpiga mbiu wake, Kasuku. Kazi ya Kasuku ilikuwa kurudia kila neno la mfalme kwa sauti kubwa mji mzima usikie, na neno likishapigiwa mbiu halirudi tena. Lakini Kasuku alipoona mavumbi ya sufu mlangoni akapiga chafya. "Mimi nitakaa juu ya paa," alisema, "karibu na dirisha."

Simba akaingia. Kifaru akaingia nyuma yake kifua mbele. Fisi akafunga. Kacha!

Kindi akatoka dirishani, pyu, akamnong'oneza Fisi: "Bwana Fisi, huko kwa Kifaru sufuria za karamu ziko jikoni. Zina mifupa mizito, na hakuna anayezilinda."

"Wacha wee!" alisema Fisi, mate yakimtoka. Hakuaga. Alikwenda mbio na ufunguo wake mfukoni.

Bi Ngiri akatoka kichakani na vyungu vyake. Alikuwa amevijaza makaa na nyasi mbichi. Akavipanga chini ya madirisha, upande unakotoka upepo, akaanza kupuliza. Fuu, fuu!

Ndani, Kifaru alikuwa akijisifu. "Mashine hii, mfalme, inasuka blanketi zima kabla hujamaliza kula."

"Ajabu," alisema Simba. Kisha akanusa. "Hii harufu ni ya nini?"

Moshi ulikuwa unaingia madirishani, mzito, mweupe.

"Moto!" alipiga kelele Kifaru. "Moto! Moto!"

Taka-taka-taka, vuuu! Hakuna mfanyakazi aliyeacha mashine yake.

"Mbona hawa hawakimbii?" aliuliza Simba.

"Koho, koho. Tukimbilie wapi, mfalme?" alijibu Kobe bila kugeuka. "Mlango umefungwa."

Simba akaruka mpaka mlangoni. Akasukuma. Akakwaruza. Kwaru, kwaru! Chuma kitupu.

"Fisi! Fungua! Mimi ni mfalme!"



"Nipisheni!" alinguruma Kifaru. Akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akauendea mlango mbio. Bwaa! Mlango haukufunguka. Pembe ilizama kwenye chuma ikanasa, naye Kifaru akabaki pale, matako huku, kichwa kule.

Simba sasa aliogopa kweli. Macho yalimwasha, kifua kilimbana. Alitazama juu akamwona Kindi ameketi kwenye nondo za dirisha.

"Kindi! Waambie wafungue!"

"Bwana Kifaru ameamuru usifunguliwe mpaka jioni, mfalme. Wewe unaamuru nini?"

"Ufunguliwe!"

"Huu peke yake, au na ya viwanda vingine?"

"Yote! Milango yote ya viwanda vyote!"

"Leo tu?"

"Siku zote wanyama wakiwa kazini, milango iwe wazi! Mimi Simba nimesema!"

Juu ya paa Kasuku alisikia neno la mfalme. Akapanua mabawa, tayari kuruka.

"Subiri, Kasuku," alisema Kindi. "Mfalme, na watoto je?"

"Watoto gani?"

"Tazama chini ya mashine."

Simba akainama. Moshi chini ulikuwa mwepesi, akaona. Palikuwa na watoto wa swala, wa nyani, wa sungura, wamelala kifudifudi kwenye mafuta, vidole vyao karibu na magurudumu yanayozunguka. Mmoja alikuwa hana sikio. Walikuwa wakimtazama tu, mikono imejaa sufu.

Simba akamsogelea yule asiye na sikio. Hata Kifaru pale aliponasa akaacha kuguna.

"Huyu sikio lake liko wapi?" aliuliza Simba, na sauti yake haikuwa ya hofu tena.

"Mashine, mfalme," alijibu mtoto mwenyewe.

"Watoke," alisema Simba polepole. "Watoto wote watoke kwenye viwanda. Kasuku, umesikia?"

"Nimesikia!" Pururu! Kasuku akaruka, akazunguka mji wote. "Mfalme amesema! Milango ya viwanda iwe wazi! Watoto watoke viwandani! Mfalme amesema!"

Mbiu ikafika mpaka jikoni kwa Kifaru. Fisi aliyekuwa na mfupa kinywani akashtuka, akakimbia, ufunguo ukamponyoka mara mbili njiani. Alipofungua, mlango ulifunguka pamoja na Kifaru, maana pembe ilikuwa bado imenasa.

Simba akatoka akikohoa, wafanyakazi nyuma yake. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakuona moto. Akaona vyungu.

"Nani amefanya haya?"

Kindi akashuka ukutani akasimama mbele yake. 

"Ni mimi, mfalme."

"Hapakuwa na moto!" Simba aliinua kucha. "Umenidanganya! Umemtia mfalme hofu bure!"

"Leo hapakuwa na moto. Siku ile moto ulikuwepo. Tulikuja kukuambia."

Bi Ngiri alivipita vyungu vyake, akaja kusimama karibu na Kindi. "Nyasi ni mimi niliyewasha, mfalme. Ukimpiga yeye, nipige na mimi."

Huko mjini vigelegele vilikuwa vimeanza. Simba alivisikia. Mbiu ilikuwa imekwenda, na neno la mfalme halimezwi. Lakini sidhani kwamba ni hilo tu lililomfanya ashushe kucha. Alimtazama mama yule muda mrefu, akifuta macho yanayotoka machozi ya moshi.

"Mumeo," alisema, "alikuwa amesimama wapi?"

"Pale mlangoni, mfalme. Pale pale uliposimama wewe."

 Simba akapanda mlimani taratibu, na amri zake zikabaki kama zilivyopigiwa mbiu.

Kifaru alikasirika, kwa kweli. Alisema atafilisika, atahama, atauza mashine. Hakufanya hata moja. Pembe yake ilikatwa ncha ndipo akanasuka, na kiwanda kikaendelea kusuka mablanketi mlango ukiwa wazi. Bi Ngiri alirudishwa kazini. Wale watoto walianza kwenda shule, wengine kwa furaha, wengine kwa kusukumwa na mama zao. Saa za kazi hazikupungua mwaka ule. Kwa hizo iliwabidi wagome tena, na safari hii walivuka mto kwanza, wakazungumza na wale wenye njaa ili wasiletwe kuuvunja mgomo.

Asiyewahi kufungiwa hajui uzito wa kufuli. Mfungie kidogo, naye atajua.