Kwa Nini Ubugu Hauachii

Ninyi mnaorudi na mashoka mkilalamika kwamba mti mmeukata lakini haudondoki, umening'inia kwenye mbugu, hizi kamba za msituni zinazotambaa mitini, kaeni hapa niwaambie. Msiulaani ubugu. Una hofu, na mwenye hofu hachekwi.

Hapo kale ubugu ulisimama wima kwa shina lake, kama miti mingine, mvule na mkulo. Wakati huo milimani kwetu aliishi Nambike na mumewe Mbonea, mrina asali asiyejua kuogopa. Kuogopa alimwachia mkewe. Asubuhi moja ya ukungu alishuka kwenye genge la mwamba kufuata nyuki, mguu ukateleza. Nambike alisikia yowe, kisha sauti ikiita kutoka chini: ameshika mzizi, nao unang'oka.

Nambike akauangukia mvule. "Baba, inama umshike mume wangu!" Mvule ukajibu kwamba haujazoea kuinama. Mkulo nao ukasema vivyo hivyo. Akaugeukia ubugu.

"Nikiinama sitasimama tena," ubugu ulisema.

"Najua, mama. Nakuomba hivyo hivyo."

Ubugu ukainama. Ukajinyoosha hadi mgongo ukateguka, ukagusa mkono wa mtu ndani ya ukungu. "Ukifika juu uniambie," ulisema, "maana sioni kitu." Mbonea akaitikia, akapanda. Nambike akamkumbatia akilia, akamvuta nyumbani. Kwa furaha yao hakuna aliyegeuka kusema neno.

Ubugu ulipohisi uzito umetoka, ulidhani ameanguka. Ukaanza kupapasa. Ukashika kichaka, ukashika mkulo, ukashika mvule, ukiuliza kila ulichokigusa, "Ni wewe?"

Mbonea alikumbuka akiwa ameketi kando ya moto. Kulipokucha alirudi, akapaza sauti, "Nimefika!" Ubugu haukumwamini. Uliyemwacha na hofu usiku kucha humtulizi kwa neno la asubuhi.

Na tangu siku hiyo ubugu hauna mgongo wake. Hutambaa mti hadi mti, na ile iliyokataa kuinama ndiyo inayoubeba. Ukishashika, hauachii, hata shoka lipite.

Ndiyo maana kwetu mtu akirudi haketi kabla hajasema, "Nimefika." Nawe Kiure, mjukuu wangu, jana uliingia kwa mlango wa nyuma ukalala. Mimi nilisimama mlango wa mbele nakungoja, mpaka jogoo akawika.