Kipa Asiyefungwa

Dirisha dogo la usajili lilipofunguliwa, Bosi Kasambala, tajiri wa timu pinzani, alikuwa ameshatubebea washambuliaji wawili. Sasa alimtaka kipa wetu, Chengula.

“Huyo kafungwa mabao kumi na tisa, bosi,” nikamwambia. “Mimi pia ni kipa, na msimu huu sijafungwa hata moja.”

Akamgeukia kocha wetu. “Kweli?”

“Daftari hili hapa, soma mwenyewe,” kocha akajibu.

Akasoma. “Basi namchukua huyu!”

Jumamosi iliyofuata tukakutana, Chengula golini kwao, mimi golini kwa Kasambala. Ilikuwa mechi yangu ya kwanza msimu huo. Miezi yote nilikuwa benchi nikilinda ndoo ya maji.

Nilifungwa saba. Kipenga cha mwisho kilipolia, kocha wangu wa zamani alinikumbatia mimi kabla ya wafungaji wake.