Tundu la Jani

"Ukiziba tundu la jani, umemfukuza shahidi." Mmemsikia muuza mboga akiwatupia maneno hayo, mkadhani anawasifia viwavi wake. Haya, chekeni mmalize, maana msemo huu uliondoka na shamba la watu. Asili yake ni hii.

Huko Mgeta, milimani Uluguru, Bi Perpetua alilima chainizi na spinachi kwa samadi na jivu tu. Bomba la dawa halikutia mguu kwake. Lakini Mjomba Mloka, mkuu wa ukoo, alichoka kuona mboga zikinyaukia matengani.

"Perpetua," akasema, "asipopatikana mnunuzi wa kudumu kabla ya masika, shamba nalikodisha kwa mtu wa nyanya."

Na huyo mtu wa nyanya alipiga dawa mpaka nyuki wakahama kijiji.

Gaudensi, mtoto wa dada yake Perpetua, alikuwa na kompyuta, na maneno kuizidi kompyuta. Akamtengenezea tovuti: jina juu, simu chini, katikati picha za mboga. Perpetua alipoiona akafunika uso kwa khanga.

"Mwanangu, majani yote yametobolewa na wadudu! Mgeni anapokelewa kwa nguo iliyotoboka?"

"Mama mdogo, si ndivyo yalivyo?"

"Ndivyo yalivyo jikoni. Barazani hatutoki hivyo."

"Basi leo mimi fundi cherehani," Gaudensi akacheka. Akaziba tundu moja moja kwenye picha, hata majani yakang'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi. Wakapongezana.

Mama Shemdoe, aliyewapikia wagonjwa mjini Morogoro, alikuwa akitafuta mboga zisizo na dawa. Akaiona tovuti, akapiga simu.

"Hampigi dawa kweli?"

"Hata tone, mama," Perpetua akajibu.

"Na hakuna jani hata moja lililoliwa? Dada yangu, viwavi wenu wamefunga Kwaresima?"

Gaudensi akaichukua simu, akaomba radhi, akaeleza, akatuma zile picha za kwanza. Ujumbe ukarudi: "Mara mazima, mara yametoboka. Mmetumia msumari? Wagonjwa wangu siwabahatishi."

Wakamsihi apande mlima ajionee mwenyewe. Hakuja.

Masika yakaingia, na mtu wa nyanya akaingia nayo. Asubuhi alipoanza kupiga dawa, Perpetua alisimama mpakani, pua kaiziba kwa khanga. Akainama, akachuma jani la chainizi lililojiotea nje ya shamba, akaliinua juu. Mwanga ukapenya matunduni, ukamdondokea usoni.

Gaudensi akasogea, akasimama kando yake.

"Nilikuonea aibu bure," Perpetua akaliambia jani. Kisha akamgeukia kijana. "Tukumbuke, mwanangu. Ukiziba tundu la jani, umemfukuza shahidi."